Seli zinakufa nikizipiga picha zikiwa hai, halafu kuna vinukta vya bluu sivielewi. Msaada wakuu

BintiPipeti:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada, nimeshachanganyikiwa na supavaiza anataka kuona video wiki ijayo.

Iko hivi. Nasoma masters hapa Dar, kazi yangu ni kuangalia dawa moja ya mmea inafanya nini kwenye mitokondria (vile vituo vya nishati ndani ya seli) za seli za binadamu, seli zenyewe ni HeLa, zile za saratani zinazokuzwa maabara. Natakiwa nizitie rangi zikiwa hai, kiini kionekane bluu mitokondria nyekundu, halafu nizipige picha mfululizo saa mbili nione mitokondria zinavyobadilika baada ya kuweka dawa. Sasa shida seli zinakufa hata kwenye sahani ambayo sijaweka dawa! Yaani ile ya kulinganishia, ambayo haitakiwi kitokee chochote, ndio inakufa kama zingine.

Ninavyofanya: seli naziweka kwenye petri ya plastiki ya milimita 35, zinalala inkubeta nyuzi 37 na CO2 asilimia 5, asubuhi nazikuta zimeshika chini zimejinyoosha vizuri tu. Natoa midia (maji ya chakula cha seli), naweka Hoechst 33342, ile rangi ya bluu ya kiini, maikrogramu 10 kwa mililita pamoja na MitoTracker Red CMXRos, ile nyekundu ya mitokondria, nanomola 500, nusu saa, naosha mara mbili na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea) ya kwenye friji, narudisha midia ya kawaida ile nyekundu yenye seramu, nakwenda nazo chumba cha hadubini. Hadubini ni ya taa ya zebaki, lenzi ya 40, ina kamera na ka-boksi ka kupasha joto ila CO2 haina. Picha kila baada ya sekunde 30, upande wa bluu kamera inakaa wazi milisekunde 800 maana chini ya hapo sioni kitu.

Dakika 15 za kwanza ni nzuri kweli, hadi nilimtumia mama picha WhatsApp akasema zinafanana na taa za harusi. Kuanzia dakika ya 20 mitokondria zinaanza kukatika, zilikuwa kama nyuzi zinakuwa punje punje, af wekundu unavuja unasambaa seli nzima, ikifika dakika ya 40 seli zinatoa malengelenge pembeni zinajikunja zinakuwa duara, basi. Midia nayo mpaka mwisho imeshageuka kuwa ya zambarau.

Kingine sijui kama kinahusiana, kwenye bluu mbali na viini naona vinukta vidogo sanaa kama vumbi la unga. Nikadhani Hoechst imegandana nikaichuja kwa filta ya 0.22, bado vipo.

Nimeambiwa rangi imeharibika niagize nyingine, na bei yake mnaijua. Hivi ni rangi kweli au nini?

msee_wa_CO2:

Sasa BintiPipeti, pole. Usinunue rangi bado. Hiyo zambarau ndio inakuambia kila kitu. Midia yako, DMEM, inashikiliwa pH yake na baikaboneti na baikaboneti inataka CO2, ukitoa sahani kwa inkubeta ukaiweka kwa hewa ya kawaida gesi inatoroka, pH inapanda, ule wekundu unaenda pinki halafu zambarau. Seli yako iko kwa pH 8 na ushee unategemea itacheka na wewe? Mimi huku Nairobi hiyo maneno ilinisumbua miezi mitatu mpaka nikaanza kuweka HEPES, kemikali ya kushikilia pH bila gesi, milimola 25 kwa midia ya kupigia picha. Ama utumie midia ya L-15 ya Leibovitz, hiyo haitaki CO2 kabisa.

Halafu hiyo PBS ya friji, kwa nini? Seli zimekaa 37 usiku mzima unazimwagia maji baridi yasiyo na kalsiamu, zingine zinaachia hapo hapo. Oshea na midia yenye joto.

Mzee wa Slaidi:

Binti pole na kazi. Mimi si mtu wa seli hai, ni fundi wa maabara ya hospitali, miaka mingi nasoma kohozi za TB kwa hadubini za floresensi. Sisi tunapaka auramini, tunasafisha kwa asidi na alkoholi, mwisho tunamwagia pamanganeti kuzima mwanga wa nyuma, bakteria wanabaki wanang'aa kama nyota kwenye giza. Slaidi ile ukiiacha chini ya mwanga inapauka huku unaiangalia, kwa hiyo sisi tunafundishwa toka siku ya kwanza kwamba mwanga ni mali, hauuachi uwake bure. Ila bakteria wangu wamekufa tayari, mwanga unaniharibia rangi tu. Wewe wako wako hai, wanaumia.

Swali langu dogo. Hiyo taa yako ya zebaki, kati ya picha moja na nyingine, mwanga unafungwa? Maana hadubini nyingi za zamani shata yake, kile kifuniko cha kuzuia mwanga, ni ya kusukuma kwa mkono, haijui habari za kompyuta. Kamera inaweza kuwa inapiga milisekunde 800 kisha inapumzika, taa yenyewe haijapumzika hata kidogo. Zima taa za chumba uangalie kwenye petri, ukiona kidoa cha mwanga wa zambarau kinawaka muda wote umeshajijibu.

Mwangaza_Hafifu:

Mzee kaniwahi, nilikuwa naandika hilohilo.

Dada, tupige hesabu. Picha kila sekunde 30 kwa saa mbili ni picha 240, mara sekunde 0.8 unapata sekunde 192 za UV. Hiyo peke yake ni nyingi tayari kwa seli hai. Sasa kama shata haifungi ni sekunde 7,200, yaani zaidi ya mara 37. Mimi niko Ujerumani nafanya kazi hizi kila siku na nakwambia hakuna seli inayokaa saa mbili mfululizo chini ya UV ya zebaki ikiwa na Hoechst ndani halafu ikatoka salama. Hoechst inajibana kwenye DNA yenyewe, ukiipiga mwanga wa karibu nanomita 350 inang'aa kwenye 460 hivi, lakini si nishati yote inatoka kama mwanga mzuri wa bluu, nyingine inazaa oksijeni kali zinazokatakata DNA palepale ilipo rangi. MitoTracker nayo ni vilevile, imekaa ndani ya mitokondria, ukiichoma na mwanga inachoma nyumba iliyomo. Nyuzi kukatika punje punje ndio dalili ya kwanza kabisa. Wekundu kuvuja ni kwa sababu rangi ile inaingia na kukaa kwa kuvutwa na chaji ya utando wa mitokondria, utando ukipoteza chaji sehemu kubwa inatoka.

Na umeweka nyingi mno. Kwenye karatasi ya maelekezo utaona nanomola 25 mpaka 500 ila ile ya juu mara nyingi ni ya wanaotaka kuzigandisha seli kwa fomalini baadaye, si za video. Ukizidisha CMXRos inaanza kupaka hata sehemu ambazo si mitokondria, hadi ndani ya kiini unaona wekundu. Kama stoki ya Hoechst ni miligramu 10 kwa mililita na ya MitoTracker ni milimola 1, chukua maikrolita 1 ya kila moja uweke kwenye mililita 20 za midia isiyo na seramu, utapata Hoechst maikrogramu 0.5 na MitoTracker nanomola 50. Dakika 20 zinatosha. Na hiyo stoki itakukaa hadi umalize masters, ukipenda na PhD.

Msee wa CO2 yuko sahihi kuhusu pH ila mimi nabisha kwamba ndio imeua. Seli za HeLa kwa dakika 40 kwenye pH ya juu zinanuna, hazitoi malengelenge namna hiyo.

msee_wa_CO2:

Eti zinanuna 😂 zangu zilikufa buana. Sio kila mtu ana boksi la gesi la Wajerumani.

Mwangaza_Hafifu:

Haya tusibishane, apime. Dada andaa sahani nne. Ya kwanza bila rangi bila mwanga. Ya pili rangi bila mwanga. Ya tatu mwanga bila rangi. Ya nne vyote viwili. Zote zikae mezani kwa hadubini muda uleule na midia ileile, zile za kupigwa mwanga acha shata wazi dakika 40 sehemu moja tu, na chini ya petri chora kiduara kwa maka peni ujue sehemu yenyewe. Rudisha zote inkubeta, kesho yake weka tripani bluu, iliyokufa inaingiwa na bluu. Kama ni pH wanakufa sahani nzima. Kama ni mwanga watakufa pale ulipopita mwanga tu.

BintiPipeti:

Shikamoo Mzee wa Slaidi. Nimekwenda leo nimezima taa zote... kidoa KINAWAKA. Muda wote. Kamera inalia tik, inanyamaza, kidoa kipo palepale hakina habari. Kumbe kuna kachuma pembeni ka kusukuma kameandikwa namba 0 na 1 mimi miezi minne nilijua ni mapambo. Sahani nne nimeziweka, kesho nawaletea.

Mzee wa Slaidi:

Marahaba binti. Usijilaumu, hadubini nyingi hukutwa maabara bila hata kitabu chake. Na usisahau kuandika saa za taa kwenye daftari, balbu ya zebaki ya wati 100 kawaida ni saa 200 tu, ikizidi inaweza kupasuka na ile zebaki ikatapakaa chumbani. Ukiiwasha usiizime mpaka ipite nusu saa, ukiizima usiiwashe mpaka ipoe. Hizi za LED za siku hizi hazina mashaka hayo ndio maana kwenye TB tumezipokea kwa mikono miwili.

BintiPipeti:

Majibu haya hapa.

Ya kwanza salama. Ya pili seli chache zimejikunja, nyingi ziko hai, sasa naamini nilikuwa nazidisha rangi. Ya tatu nilifikiri haitakuwa na kitu lakini ndani ya kiduara kuna zilizokufa, si zote. Ya nne sasa! Jamani. Nimeweka tripani bluu, nikaangalia kwenye mwanga wa kawaida, kuna mviringo kama wa nusu milimita seli zote bluu zimekufa, ukitoka nje ya ule mviringo hatua moja tu seli ziko hai zimejinyoosha kama hakuna kilichotokea. Mpaka wake umekatika kama umekatwa na kikombe cha maandazi. Midia ni moja, pH ni moja, rangi ni moja. Ni mwanga.

Pole msee wa CO2.

msee_wa_CO2:

Nimekubali, nimekubali. Lakini HEPES weka bado, video yako ni ya saa mbili sio dakika 40.

Mwangaza_Hafifu:

Weka ndio, ila chupa ya midia yenye HEPES ifunge na foili. Midia hizi zina raiboflavini ndani, ikipigwa mwanga ikiwa pamoja na HEPES inatengeneza haidrojeni peroksaidi, yaani unawapikia seli sumu kabla hata hujaanza. Watu wanaacha chupa mezani dirishani af wanashangaa.

Sasa namna ya kupiga. Umeona ya tatu, mwanga wa UV peke yake unaua, kwa hiyo bluu ifanye kama chumvi. Kiini hakikimbii, hakuna sababu ya kukipiga kila sekunde 30. Piga bluu kila dakika 10, milisekunde 100, utapata picha 13 na jumla ya UV ni sekunde moja na kidogo, linganisha na zile 7,200! Nyekundu piga kila dakika 2. Shata kama haitii kompyuta, fungua na funga kwa mkono, weka simu ikulilie kila dakika 2, inachosha lakini inafanya kazi, mimi nimefanya hivyo video nzima nikiwa na kikombe cha chai pembeni. Weka na filta ya kupunguza mwanga kama ipo kwenye droo, mara nyingi ipo.

Utasema sasa sitaona kitu kwa milisekunde 100. Utaona, ukibadilisha vitu viwili. Kwanza kwenye programu ya kamera kuna kuunganisha pikseli, 2 kwa 2, pikseli nne zinakuwa moja, mwanga mara nne, ukali wa picha unapungua nusu, kwa kuhesabu viini haina shida. Pili, achana na hiyo petri ya plastiki. Plastiki ile unene wake karibu milimita moja na yenyewe inang'aa bluu ukiipiga UV, ndio maana ulihitaji milisekunde 800, ulikuwa unapigana na mwanga wa sahani. Lenzi nyingi nzuri zimetengenezwa kuona kupitia kioo cha milimita 0.17, yaani kavasilipu (kile kioo chembamba cha kufunika slaidi) namba 1.5. Na midia ya kupigia picha isiwe na ule wekundu wa fenoli, nao unang'aa.

BintiPipeti:

Sahani za kioo chini nimeuliza bei nikakata simu.

msee_wa_CO2:

Usinunue. Tengeneza. Chukua petri ya 35, toboa shimo katikati na drili la milimita 14 hivi, piga msasa kingo, bandika kavasilipu kwa chini na silikoni ile ya akwariamu, isiyo na dawa ya ukungu ndani, soma chupa vizuri maana ile ya bafu inaua seli. Acha siku tatu nne mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Loweka ethanoli 70, kausha ndani ya hudi, lile kabati la hewa safi, umemaliza. Mimi natengeneza kumi kila Ijumaa nikisikiliza redio. Mbili tatu zitavuja, zijaribu na maji kwanza kabla hujaweka juu ya lenzi ya mtu.

Pia washa hilo boksi la joto saa mbili kabla. Chuma cha hadubini kinapanuka kikipata joto na fokasi inahama polepole, utafikiri seli ndio zinazama. Na AC isikupulizie.

Mwangaza_Hafifu:

Jambo la msingi zaidi kwa kazi yako, dawa yako ni ya mmea. Majimaji ya mimea mengi yanang'aa yenyewe, klorofili inatoa mwekundu, hizo nyingine za njano zinatoa kijani au bluu. Weka dawa kwenye seli zisizo na rangi yoyote upige kwa mpangilio uleule. Ukiona mwekundu hapo, basi wekundu unaousema wa mitokondria nusu yake ni jani. Na uwe na sahani moja ya FCCP, kemikali ile inamaliza chaji ya mitokondria kwa uhakika, ukishaona yenyewe inaonekanaje ndio utajua dawa yako inafanya nini. Baadaye kama bajeti ikiruhusu hamia rangi nyingine ya mitokondria, TMRM, nanomola 20 na uiache kwenye midia muda wote, kwa kufuatilia chaji ikipanda na kushuka ni bora kuliko CMXRos, maana CMXRos ikishajishika na protini mle ndani haitoki yote hata chaji ikiondoka.

Au kama kuna mtu jirani ana HeLa zenye histoni (protini ya kwenye kiini) iliyounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani, omba. Kiini kinang'aa kijani chenyewe, Hoechst na UV unaviacha kabisa. Ile protini imetoka kwa yavuyavu, wale wa baharini wanaowasha ukiogelea. Shimomura aliichuja toka kwenye maelfu ya yavuyavu huko pwani ya magharibi ya Marekani, ikaandikwa mwaka 1962, 2008 yeye na Chalfie na Tsien wakapewa Nobel ya kemia. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa pwani hilo na hawaniamini.

Halafu nimekaa nafikiria vile vinukta vyako. Naomba uniangalizie kitu. Vipo ndani ya seli tu, au hata kwenye sehemu tupu kati ya seli na seli?

BintiPipeti:

Ngoja niangalie za jana... vipo pembezoni mwa seli vimejipanga kama shanga kwenye ukingo, juu ya seli pia, na sehemu tupu navyo vipo vichache. Kwa nini unauliza? Usinitishe.

Mwangaza_Hafifu:

Nitakutisha kidogo. Mitokondria nazo zina DNA yake, kwa hiyo vinukta hafifu ndani ya seli vinaweza kuwa kawaida. Lakini mitokondria haiwezi kutoka ikaenda kukaa nje kwenye sahani. Vinukta vinavyoshika Hoechst, vilivyojipanga kwenye utando na nje ya seli, vinavyolingana ukubwa, mimi nikiviona nawaza neno moja: maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara.

msee_wa_CO2:

Woi.

BintiPipeti:

Lakini midia yangu safi kabisa haijawahi kuwa na ukungu wala uchafu, na naweka penisilini na streptomaisini kila siku??

Mwangaza_Hafifu:

Ndio ubaya wake huo. Maikoplazma hana ukuta wa seli, na penisilini kazi yake ni kuharibu ukuta, sasa ataharibu nini? Ni kama kumtishia kuvunja mlango mtu anayelala nje. Hachafui midia, unaweza kuishi naye miezi. Ni mdogo, maikromita 0.3 mpaka 0.8 na ni laini, anaweza kujipenyeza hata kwenye ile filta yako ya 0.22. Seli zinakua taratibu kidogo, wewe unasema labda seramu. Na kwa kazi yako ni balaa zaidi, maana anakula chakula cha seli na kuvuruga mitokondria, kwa hiyo data yoyote ya mitokondria uliyochukua hapo haina kazi.

Uhakikishe kabla ya kulia. Kuza seli kwenye kavasilipu siku tatu nne bila antibayotiki, zigandishe kwa methanoli na asidi asetiki 3 kwa 1, tia Hoechst, angalia kwa lenzi ya mafuta ya 100. Hapo zimekufa, piga mwanga utakavyo. Na peleka midia ya seli zilizojaa kwenye PCR, kipimo cha kutafuta DNA yake, praima (vipande vya DNA vya kumtafutia) zipo za jini ya 16S, maabara yoyote yenye PCR inakufanyia kwa siku moja.

Mzee wa Slaidi:

Sisi zamani tulikuwa tunanyonya pipeti kwa mdomo, msicheke, ndio ilikuwa kazi. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mmoja wa hao maikoplazma makazi yake ni kinywani mwa binadamu, Mycoplasma orale. Kwa hiyo binti hata kuongea na simu huku umeinamia flaski iliyo wazi ni kumkaribisha. Wengine hutoka kwenye seramu ya ng'ombe na kwenye tripsini ya nguruwe.

BintiPipeti:

Naongeaga na mama kwa spika nikiwa kwenye hudi 😭

(Wiki mbili baadaye)

Wakuu nimerudi. PCR imetoka chanya. Na kwenye methanoli ilikuwa aibu, seli zimezungukwa kama andazi lililomwagiwa ufuta. Nikaenda kupima na chupa mama iliyogandishwa ya kabla sijaanza kazi, nayo chanya! Kwa hiyo walikuwemo tokea mwanzo, si spika ya mama.

Seli zote nimemwaga kwenye jiki usiku kucha, midia zote zilizofunguliwa zimekwenda nazo, inkubeta nimeifuta kila rafu kwa ethanoli, beseni la maji limebadilishwa. Niliuliza kuhusu dawa za kuwatibu nikaambiwa ni wiki kadhaa na huna uhakika, na HeLa si seli za kulilia, nimeomba chupa nyingine kwa watu waliozipima na zikakaa peke yake kwenye inkubeta ya pembeni mpaka PCR mbili zimetoka hasi. Supavaiza alinuna siku moja af akaagiza kila mtu pale maabara apime zake. Wawili wengine wamekutwa nao. Sipendwi sana kwa sasa.

Mwangaza_Hafifu:

Watakuzoea. Vipi video?

BintiPipeti:

Sahani ya silikoni, midia bila wekundu na HEPES, foili, Hoechst 0.5, MitoTracker 50, bluu kila dakika 10, nyekundu kila dakika 2, kachuma nasukuma mwenyewe 0 na 1 na simu inalia. Saa mbili kamili. Mitokondria mwanzo nyuzi, mwisho nyuzi. Dakika ya 30 seli moja pembeni ikaanza kujikusanya kuwa duara nikasema tayari, yanaanza tena. Kumbe inagawanyika! Kwenye picha ya bluu ya dakika ya 50 kiini kimejipanga mstari mmoja katikati, ya dakika ya 60 mistari miwili imeachana, na ya dakika ya 90 ni seli mbili zimelala chini zinajinyoosha. Nilikaa naiangalia tu nikawa namfikiria yule mama mwenyewe, Henrietta Lacks, walimchukulia hizi seli Baltimore 1951 bila kumuuliza, akafariki mwaka huohuo, na seli zake zinagawanyika mbele yangu Dar saa nane mchana AC imezimwa natoka jasho.

Sahani ya dawa bado, wiki ijayo. Na ile ya dawa bila rangi nimeshaipiga: mmea wangu unang'aa mwekundu kweli, ahsante kaka, sasa inabidi nitafute pa kuutolea.

msee_wa_CO2:

Pitisha kwa mkaa amilifu, klorofili inabaki humo. Ila jua inaweza kubaki na dawa pia, pima kabla na baada.

Mzee wa Slaidi:

Hongera binti. Na mama umemtumia hiyo video?

BintiPipeti:

Nimemtumia. Amesema zile za mwanzo zilikuwa zinang'aa zaidi.